MUUNDI UKIVUNJIKA: MSUMARI WA HOSPITALI SI WA KUOGOPWA



Safari hii ukurasa wetu wa Usalama na Afya unajibu swali la mama mmoja. Mama huyo alikuja dispanseri usiku, mtoto mgongoni, machozi usoni. Mume wake, mwenzetu wa kazi, alikuwa amevunjika mguu mchana wa siku ile. Pikipiki ilimwangusha alipokuwa anarudi Salamabila, ikamlalia juu ya mguu. Sisi tulikuwa tumekwisha kumfunga mabanzi, na mganga alikuwa amesema kwamba lazima apelekwe kwenye hospitali yenye mpasuaji wa mifupa. Mama akaniuliza: "Msaidizi, ni kweli wanataka kumpigilia baba wa watoto msumari kama wanavyopigilia ubao? Shemeji zangu wanasema heri tumrudishe kijijini kwa mzee anayeunga mifupa. Wewe unasema nini?"

Nilimjibu kwa kifupi, maana mgonjwa alikuwa anangoja. Leo nataka kumjibu kwa kirefu, na kukujibu wewe vilevile, ndugu msomaji, kwa sababu ajali haina kinga. Kesho swali hilo linaweza kufika mlangoni kwako.

MUUNDI NI MFUPA WA NAMNA GANI?

Pitisha kidole mbele ya mguu wako, toka chini ya goti mpaka kwenye kifundo. Utagusa mfupa mara moja. Juu yake hakuna nyama, ni ngozi tu. Huo ndio mfupa wa muundi. Upande wa nje una mwenzake mwembamba, lakini muundi ndio unaobeba uzito wa mwili unaposimama, unapotembea na unapopandisha gunia kilimani.

Kwa sababu ni ngozi tu inayoufunika, muundi ukivunjika ncha yake hutoboa ngozi kwa urahisi. Hapo vumbi na matope huingia mpaka ndani. Mvunjiko wa namna hiyo tunauita mvunjiko wa wazi, nao ni hatari kuliko ule ambao ngozi yake haikupasuka.

Kwetu sababu za kuvunjika muundi hazikosi. Jiwe linaporomoka toka ukuta wa mgodi. Kamiyo inarudi nyuma bila mtu wa kuiongoza. Mtu anateleza na mzigo begani. Pikipiki mbili zinagongana katika vumbi la kiangazi. Na ndugu zetu wanaochimba kwa mikono, ardhi ikiwaangukia, mguu unaweza kubaki chini ya mawe.

SABABU GANI MSUMARI?

Jambo la kwanza la kujua ni hili: mganga haungi mfupa, wala mzee wa kijijini haungi mfupa. Mfupa hujiunga wenyewe. Unataka mambo manne tu: vipande vyake vikaribiane, vinyoke, vitulie, na damu ivifikie. Matibabu yote ya mfupa ni njia za kupata mambo hayo manne.

Njia ya kwanza ni plasta. Ikiwa mfupa umepasuka bila kuachana, na hasa kwa watoto, plasta nzuri inatosha, na hakuna sababu ya kupasua. Lakini plasta inashika mguu kwa nje. Uvimbe ukishuka, plasta inalegea. Ikiwa mfupa umekatika kwa mshazari au umevunjika vipande vingi, vipande huteleza ndani ya plasta, na mtu hubaki na mguu mfupi au uliopinda. Tena goti na kifundo, vikifungwa majuma mengi, hukakamaa.

Njia ya pili ni vyuma vya nje. Mpasuaji hutia pini katika mfupa juu na chini ya mahali palipovunjika, kisha huziunganisha kwa chuma kinachoonekana nje ya ngozi. Njia hii inafaa sana kama kidonda ni kikubwa na kichafu.

Njia ya tatu ndiyo msumari wa ndani. Wewe umeona fundi wa baiskeli anavyotengeneza bomba la baiskeli lililokatika. Baiskeli zetu hubeba mchele na mafuta ya mawese, mizigo ya kuvunja chuma. Fundi mwenye akili hafungi waya kwa nje tu. Hutia kipande cha nondo ndani ya bomba, nusu huku na nusu kule, ndipo anapochomelea. Muundi nao ni kama bomba. Katikati yake mna tundu lenye uboho. Msumari hupita katika tundu hilo.

Basi, mama, hawapigilii mtu kama ubao. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, au sindano ya mgongoni inayokufisha ganzi miguu yote miwili, asisikie maumivu ya kisu. Mpasuaji hukata mahali padogo chini ya kilegesambwa, yaani kifuniko cha goti, na kufungua njia juu ya mfupa. Kama inahitajika, hupanua tundu kwa chombo maalumu. Kisha husukuma fimbo ya chuma ndani ya mfupa, ipite mahali palipovunjika, ifike karibu na kifundo. Mwisho hutia skrubu juu na chini, zikipenya mfupa na matundu ya msumari. Hizo ndizo zinazozuia mfupa usizunguke na usifupike. Chuma chenyewe hakishiki kutu.

MSUMARI HUU ULITOKA WAPI?

Mganga Mjerumani Gerhard Küntscher, wa mji wa Kiel, alianza kutia msumari ndani ya mfupa wa paja mwaka 1939. Vita Kuu ya pili ilipokwisha, waganga wa Marekani walishangaa kuona askari wao waliotoka kifungoni Ujerumani wanatembea na fimbo za chuma ndani ya mapaja.

Baadaye msumari ulipata skrubu zake, lakini kukawa na shida mpya. Msumari ukiwa ndani ya mfupa, utajuaje matundu ya skrubu yako wapi? Katika nchi tajiri wanatazama kwa mashine ya radio inayoonyesha mfupa wakati wa kupasua. Hospitali nyingi za nchi zetu hazina mashine hiyo. Mwaka 1999 mpasuaji wa Marekani, Lewis Zirkle, aliyekuwa mganga wa jeshi katika vita vya Vietnam, alianzisha shirika liitwalo SIGN katika mji wa Richland. Msumari wao una mkono wa chuma unaobaki nje ya mguu na kulingana na msumari ulio ndani. Mkono huo ndio unaomwonyesha mpasuaji mahali pa kutoboa, bila mashine ile ya radio. Shirika linazipa hospitali za nchi maskini misumari hiyo bila kuiuza.

Na hapa kwetu Afrika ya mashariki jambo limepimwa. Katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, waganga waliwachukua wagonjwa 240 waliovunjika muundi kwa mvunjiko wa wazi. Vidonda vibaya kupita kiasi havikuhesabiwa. Wengine walitiwa msumari, wengine vyuma vya nje. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au waliohitaji kupasuliwa tena hawakuachana sana katika makundi mawili. Lakini waliotiwa msumari mifupa yao ilinyoka vizuri zaidi, na majuma ya kwanza waliishi kwa nafuu kuliko wenzao. Maana yake, hata kidonda kikiwa wazi, kikisafishwa vema na mapema, mara nyingi msumari unaweza kutiwa.

MGUU UNAHARIBIKA KABLA YA KUFIKA HOSPITALI

Sasa nisikilize vizuri. Msumari ni kazi ya mpasuaji. Lakini msumari hauwezi kuponya mguu uliokwisha kufa. Kufikisha mguu ulio mzima ni kazi yetu sisi: shefu wa ekipe, mwenzako wa kazi, mke, ndugu. Mambo matatu yanauharibu.

La kwanza ni kukanda. Ncha ya mfupa uliovunjika ni kali kama kisu. Ukikanda, unakata nyama, mshipa wa damu na hata ngozi kwa ndani.

La pili ni kuchelewesha kidonda. Kidonda kilichopakwa majani, majivu au udongo, kikafunikwa siku tano, kinafika hospitali na usaha ndani ya mfupa. Usaha wa mfupa unaweza kumsumbua mtu miaka mingi.

La tatu ni kufunga kwa nguvu. Na hapa sina budi kusema kosa langu mwenyewe.

Usiku ule nilimfunga mwenzetu mabanzi wakati mguu ulikuwa haujavimba bado. Nilifunga kwa bandeji, nikaona kazi ni nzuri. Saa mbili zilipopita, yule mama, aliyekuwa ameketi penye miguu ya mume wake, aliniita: "Msaidizi, vidole vimekuwa baridi. Tena analia kuliko mwanzo." Nikamwambia mfupa uliovunjika lazima uume. Akanyamaza kidogo, akaniita tena: "Njoo ushike mwenyewe." Nikashika. Vilikuwa baridi kweli. Nikakata bandeji yote mpaka chini, nikafungua na pamba. Baada ya kitambo vidole vikapata joto, na maumivu yakapungua. Mama asiye na diploma aliuokoa mguu ule, si mimi.

Sababu yake ni hii. Nyama ya mguu chini ya goti imefungwa katika mifuko ya ndani isiyotanuka. Mguu ukivimba, mifuko inabana, damu haipiti. Nyama ikikosa damu kwa saa 6 hivi, inaanza kufa. Wakati mwingine hata ukifungua bandeji, mbano unabaki ndani kwa ndani, na hapo mpasuaji lazima apasue mifuko hiyo upesi. Basi mjue alama zake: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hata baada ya dawa, maumivu makali ukimnyosha vidole vya mguu, mguu mgumu kama ubao, ganzi katika vidole. Usingoje vidole viwe baridi au vyeusi, maana hapo ni kuchelewa.

MAMBO YA KUFANYA MARA MOJA

1. Zuia ajali ya pili. Simamisha mashine au kamiyo, tazama ukuta wa mgodi kabla ya kumkaribia mwenzako.

2. Kama damu inatoka, bonyeza juu ya kidonda kwa kitambaa safi. Usirudishe mfupa ndani kwa mkono wako. Funika kidonda, basi.

3. Vua kiatu polepole, au ukate kamba zake. Vua bangili ya mguuni kabla uvimbe haujapanda.

4. Funga mabanzi mawili yenye nguo laini ndani, yapite goti juu na kifundo chini. Usifunge fundo juu ya mahali palipovunjika. Kidole chako kimoja kiweze kupita chini ya kila fundo.

5. Acha vidole vya mguu wazi. Mtu mmoja apewe kazi ya kuvishika na kumwuliza mgonjwa kila nusu saa.

6. Mlete dispanseri bila kungoja asubuhi. Kama ngozi imepasuka, anahitaji antibiotiki mapema kabisa, ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, na sindano ya kuzuia pepopunda.

7. Asile chakula mpaka mganga aseme, na pombe kamwe. Huenda akapewa dawa ya usingizi.

8. Mbebe kwa tipoyi, amelala. Msimketishe juu ya pikipiki, mguu unaning'inia.

KABLA YA KUANZA SAFARI

Njia zetu mnazijua. Wakati wa mvua, safari ya kwenda Kasongo au Kindu si ya kuhesabu kwa saa. Goma na Bukavu, tulikozoea kuelekeza wagonjwa wenye shida kubwa, ziliingiwa na vita mwaka 2025, moja mwezi wa 1, nyingine mwezi wa 2. Kwa hiyo msiondoke kwa kubahatisha. Ombeni mganga wa hapa apige simu kwanza aulize: Mpasuaji wa mifupa yupo? Radio inafanya kazi? Msumari au vyuma vya nje vipo? Damu ipo? Familia nyingi zimekwisha fedha katika hospitali ya kwanza, kisha zikaambiwa kwamba msumari haupo. Mkisafiri, chukueni barua ya mganga na mtu mmoja wa kuweza kutoa damu.

Na kama ajali ilitokea kazini, iandikwe siku ile ile, na majina ya walioona. Mambo ya ajali za kazi yanashughulikiwa na CNSS, ile tuliyozoea kuiita INSS. Karatasi isiyoandikwa mapema inatafutwa baadaye kwa machozi.

NENO KWA WAZEE WANAOUNGA MIFUPA

Wazee wetu, hatuwadharau. Watu wanawaamini, nanyi mnafika mahali gari letu halifiki. Tunawaomba mambo matatu tu. Mkiona ngozi imepasuka juu ya mfupa, msimpokee mgonjwa, mleteni kwetu. Mkifunga mianzi, acheni vidole wazi na mfungue mguu ukivimba. Na msikande mguu wenye mfupa uliovunjika. Mzee akimwongoza mgonjwa hospitalini upesi, amemponya naye.

BAADA YA MSUMARI

Msumari ukiisha kutiwa, msidhani kazi imekwisha. Msumari unashika mfupa tu. Mfupa wenyewe unahitaji miezi kujiunga, mara nyingi minne mpaka sita, na zaidi kama kidonda kilikuwa wazi.

Siku za kwanza mgonjwa huanza kukunja goti na kucheza kifundo, hata kama inauma kidogo. Atatembea kwa magongo. Kukanyaga kwa uzito wote ni mpaka mpasuaji aseme. Wengine huruhusiwa mapema, wengine hungoja, kwa kuwa mivunjiko haifanani. Mama, mpikie maharagwe, dagaa, mboga, mayai mkiweza. Na wewe baba, acha sigara, maana tumbaku inachelewesha mfupa kuunga.

Rudini hospitali upesi mkiona usaha, joto na wekundu juu ya kidonda, homa, au maumivu mapya ya ghafula. Msifiche kwa kuogopa kupasuliwa tena.

Watu huniuliza mengine. Je, lazima chuma kitolewe? Hapana. Wengi hukaa nacho maisha yote bila shida. Kikileta udhia, mpasuaji anaweza kukitoa mfupa ukiisha kuunga imara, lakini si kwa haraka. Je, chuma kinavuta radi? La, kimefunikwa na mfupa na nyama, na hakibadili hatari yako. Je, goti litauma? Ndiyo, wengi husikia maumivu mbele ya goti, hasa wakipiga magoti. Ndugu zetu Waislamu wanaona shida hiyo katika kusujudu, na wakristo katika sala. Aliye mgonjwa huswali ameketi, na Mungu anajua. Mwelezeni pia shefu wa kazi, asikupe kazi ya kupiga magoti miezi ya mwanzo.

MWISHO

Mtauliza: yule mwenzetu aliishia wapi? Shemeji zake walikubali, baada ya maneno mengi. Alisafiri siku mbili, akatiwa msumari. Miezi mitatu alitembea kwa magongo, na mtoto wake akacheza nayo kama farasi. Mwezi wa saba alirudi kazini, kwanza katika magazini ya vipuri, kisha mahali pake pa zamani. Akipiga magoti, goti linamkumbusha. Mguu umenyoka.

Juzi mke wake alinikuta sokoni, akacheka: "Msaidizi, kumbe msumari si kitu. Kitu ni vidole." Nikaona kwamba amesema kwa maneno mawili yale niliyotumia ukurasa mzima kuyaeleza.

Basi, wafanyakazi wenzangu: muundi wa mwenzako ukivunjika, usikande, usibane, usicheleweshe. Shika vidole vyake, na umlete upesi.

Jichunge, umchunge na mwenzako. Kinga ni bora kuliko tiba.

Msaidizi wa mganga